Chuo cha Udaktari: Tuchague Jina au Tuchague Wodi?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, nyumba nyingi za Kibeta na za vijiji vya jirani, hata kufika Kamachumu na Rubya huko Muleba, huingia katika shauri moja zito. Kijana amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Amekwisha kusema tangu kidato cha tatu kwamba atakuwa daktari. Sasa amekubaliwa na vyuo viwili, pengine vitatu, maana tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake katika vyuo vyenyewe moja kwa moja, wala si katika mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu kama ilivyokuwa hapo awali. Aliyekubaliwa kwingi hutakiwa athibitishe chuo kimoja tu, tena kwa siku chache. Ni katika siku hizo chache ndipo baba, mjomba, mwalimu na jirani aliyepata kuishi Dar es Salaam hutoa maoni yao, na maoni yenyewe aghalabu ni neno moja: Muhimbili.

Makala haya hayana ugomvi na Muhimbili. Ni chuo cha udaktari kikongwe kuliko vyote nchini, kimelea madaktari wengi waliotutibu sisi na wazazi wetu, na mwanafunzi aendaye huko kwa sababu alizozipima anakwenda mahali pema. Ugomvi wetu ni na namna ya kuchagua. Jina la chuo hutajwa kana kwamba ni kipimo cha mafunzo atakayoyapata kijana fulani, mwenye tabia fulani na fedha kiasi fulani, anayekusudia kufanya kazi mahali fulani. Nionavyo mimi, mwanafunzi wa udaktari yampasa aulize kwanza atafundishwa na wagonjwa gani, chini ya usimamizi wa nani, na kwa ajili ya kazi ipi. Jina na liulizwe baada ya hayo.

Tuanze na historia, maana majina nayo yana umri. Kabla ya mwaka 1963 Mtanganyika aliyetaka kuwa daktari hakuwa na chuo katika nchi yake. Njia ya kawaida ilikuwa kwenda Makerere, Kampala, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924 kandokando ya hospitali ya Mulago. Kwa mtu wa Bukoba safari hiyo haikuwa ya mbali sana. Kampala i karibu nasi kuliko Dar es Salaam, na watu wa pande hizi wamevuka mpaka kwa biashara, harusi na misiba tangu zamani. Makerere ndilo lililokuwa jina. Mwaka 1963 ilipofunguliwa shule ya udaktari Dar es Salaam, haikuwa hata sehemu ya chuo kikuu. Ilifanywa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea, kiitwacho leo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mzazi wa mwaka 1964 aliyetafuta jina angemzuia mwanawe asiende huko. Wanafunzi wale wa kwanza walikwenda mahali pasipokuwa na sifa bado, na ni kazi yao hospitalini, miaka nenda miaka rudi, iliyokipa chuo sifa ambayo leo wajukuu wao wanaigombea.

Siku hizi vyuo ni vingi. Hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilipata chuo chake cha udaktari mwaka 1997, na mwaka huo huo chuo cha kumbukumbu ya Hubert Kairuki kikaanza Dar es Salaam. Bugando, Mwanza, hospitali ya mwaka 1971 vilevile, ilianza kulea madaktari mwaka 2003. Dodoma, Mbeya na Ifakara nako hufundishwa udaktari. Kote huko masomo ya shahada ni ya miaka 5, yakifuatwa na mwaka mmoja wa kazi hospitalini chini ya usimamizi, na hatimaye mhitimu husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Daftari la Baraza halina safu mbili, moja ya waliotoka vyuo vyenye sifa na nyingine ya waliosalia.

Jina la chuo hujengwa na nini basi? Orodha za vyuo vikuu bora duniani, zinazosomwa sana na vijana katika simu zao, hutegemea zaidi wingi wa makala za utafiti, idadi ya mara ambazo makala hizo zimetajwa na watafiti wengine, na maoni ya wasomi wa vyuo vingine. Hayo ni mambo ya maana kwa taifa lolote. Lakini hakuna katika vipimo hivyo kinachouliza mwanafunzi wa mwaka wa nne amezalisha akina mama wangapi kwa mikono yake mwenyewe. Na hapa kwetu sifa hujengwa na jambo jingine pia, nalo ni ugumu wa kuingia. Chuo kinachopokea waliofaulu sana hutoa waliofaulu sana, nasi tunastaajabu. Ni kama kumsifu mpishi kwa sababu ndizi alizoletewa zilikuwa nzuri. Mtu atakaye kujua kazi ya mpishi sharti aangalie jikoni, aone ndizi ziliingiaje na zilitokaje.

Wako watafiti waliojaribu kuangalia jikoni. Mwaka 2002 wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi walioingia vyuo vya nchi hiyo mwaka 1976. Waliwalinganisha vijana waliokubaliwa na vyuo vya namna moja, ambao baadhi yao walikwenda vyuo vya sifa kubwa na wengine wakaamua kwenda vyuo vya sifa ndogo zaidi. Miaka mingi baadaye mapato ya makundi hayo mawili, kwa wastani, hayakutofautiana kama watu walivyodhani. Uwezo wa kijana ulikwenda naye popote alipokwenda. Uchunguzi huo ulikuwa wa mishahara, haukuwa wa udaktari, tena Marekani si Kagera. Aidha una sehemu moja inayopinga hoja yangu, nayo sitaificha: watoto wa familia zenye kipato kidogo walipata faida kwa kwenda chuo cha sifa kubwa. Nitalirudia jambo hilo, maana linawahusu wanafunzi wetu wengi.

Kabla ya hapo yafaa tuone jinsi kipimo kimoja cha sifa kinavyoweza kuwadhuru watu. Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari, alichapisha taarifa yake mashuhuri baada ya kukagua vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Mfano wake wa chuo chema ulikuwa Johns Hopkins, chuo chenye maabara, hospitali yake mwenyewe na walimu watafiti. Vyuo vingi alivyovikuta vilikuwa biashara tupu, havina darubini wala mgonjwa, na kufungwa kwake kulikuwa heri kwa umma. Lakini vyuo 7 vya Wamarekani weusi vilipimwa kwa kipimo hicho hicho, na 5 kati yake vikafungwa katika miaka iliyofuata. Vilibaki Howard na Meharry. Watu wote weusi wa nchi ile kubwa, waliokatazwa kuingia katika vyuo vingi vya weupe, wakabaki kwa miongo mingi na vyuo viwili vya kuwalelea madaktari. Flexner aliuliza chuo kina nini. Hakuuliza vya kutosha chuo kinamhudumia nani.

Sasa tuingie wodini. Masomo ya udaktari hugawanyika sehemu mbili kubwa. Miaka ya kwanza mwanafunzi husoma maumbile ya mwili, kazi za viungo, kemia ya uhai, vijidudu na dawa. Katika sehemu hii jina la chuo lina uzito wake: maabara iliyo kamili, maktaba iliyofunguliwa hadi usiku, walimu wanaotosha. Lakini vitabu ni vile vile kila mahali, na mwanafunzi mwenye bidii hafungwi na ukuta wa chuo. Sehemu ya pili ni ya wagonjwa, na hapa ndipo vyuo hutofautiana kwa namna ambayo jina halionyeshi.

Mkono wa daktari hujifunza kwa kutenda na kusahihishwa. Kusikia kwa masikio mlio wa moyo wenye kasoro, kupapasa bandama iliyovimba chini ya mbavu za mtoto, kuingiza sindano katika mshipa wa mtoto mchanga aliyeishiwa maji, kutoa maji ya uti wa mgongo, kumpokea mtoto anayetanguliza matako: haya hayasomwi katika kitabu yakaisha, wala hayajulikani kwa kuyaona mara moja kwa mbali. Mwanafunzi hana budi kuyafanya, akosee mbele ya mkubwa wake, aambiwe hapo hapo, kisha ayafanye tena kesho. Kwa hiyo swali la maana kuliko yote ni hili: karibu na kitanda kimoja cha mgonjwa wanasimama wanafunzi wangapi? Hospitali yaweza kuwa na mabingwa wa kila aina, lakini ikiwa mabingwa hao wamezungukwa kwanza na madaktari wanaosomea ubingwa, kisha na madaktari wa mwaka wa mafunzo ya kazi, kisha na wanafunzi wa mwaka wa tano, basi mwanafunzi wa mwaka wa tatu yuko safu ya nne, anaona migongo. Katika hospitali yenye mabingwa wachache zaidi kijana huyo huyo pengine angeitwa mbele na kukabidhiwa kipimasauti. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo katika chuo hiki au kile. Nasema kwamba ni jambo linalohesabika, na mwanafunzi anaweza kwenda akahesabu, au akamwuliza aliyetangulia.

Liko swali la pili: wagonjwa wenyewe ni wa namna gani? Mwaka 1961 watafiti watatu, White, Williams na Greenberg, walichapisha hesabu fupi ambayo walimu wa udaktari huitaja hata leo. Walikadiria kwamba kati ya watu wazima 1,000, katika muda wa mwezi mmoja, 750 huona dalili fulani ya ugonjwa au kuumia. Kati yao 250 hwenda kwa daktari. Hulazwa hospitalini 9, hupelekwa kwa daktari mwingine 5, na mmoja tu, mmoja katika elfu, hufika katika hospitali ya chuo kikuu. Hesabu hiyo ni ya Uingereza na Marekani za wakati ule, na kwetu tarakimu zaweza kuwa nyingine, lakini umbo la jambo ni lile lile. Mwanafunzi anayefundishwa katika hospitali kubwa ya taifa peke yake huona ugonjwa uliokwisha kuchujwa mara tatu au nne. Humwona yule mmoja. Wale 250 humngojea Rubya, Ndolage, Kagondo, au katika zahanati ya kisiwa cha Bumbire ambako mashua ndiyo gari la wagonjwa.

Kwa hiyo hospitali ya kufundishia ni kama kitabu kilichoandikwa na watu wanaoishi kandokando yake. Bugando hupokea wagonjwa wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wakiwamo wetu wanaovuka ziwa kwa meli. Upimaji wa watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kanda hiyo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya 5 alikuwa na chembe ya urithi ya ugonjwa wa seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Mwanafunzi wa Mwanza atamwona mtoto wa namna hiyo mara nyingi, anayelia kwa maumivu ya mifupa na kuhitaji damu. Muhimbili nako kuna mambo yasiyopatikana kwingine. Taasisi ya Mifupa iko pale, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko pale tangu mwaka 2015, na Ocean Road ya wagonjwa wa saratani haiko mbali. Kijana ambaye moyo wake umekwisha kuelekea upasuaji wa ubongo au wa moyo ana sababu njema ya kuchagua Dar es Salaam. Sababu hiyo ni kazi aitakayo, na ni sababu imara zaidi kuliko sifa inayosemwa barabarani.

Mkoa wetu una historia inayopasa kutajwa katika shauri hili. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wakati ambapo wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Katika kitabu chochote kilichokuwamo katika maktaba za hospitali za mkoa wakati huo hapakuwa na msaada mkubwa. Waliohitajiwa ni watu wa wodini wenye macho, wanaojua magonjwa ya kawaida ya mahali hapo vizuri kiasi cha kutambua kwamba hili lililowafikia si mojawapo. Baadaye ndipo elimu ya chuo chenye jina ilipokuja, ikafanya kazi kubwa. Watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Uswidi, walipima watu wa mkoa mwaka 1987, wakakuta kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24 kati ya kila 100 walikuwa na virusi. Katika Bukoba vijijini na Muleba walikuwa 10 kati ya 100, na katika wilaya za Ngara na Biharamulo hawakufika hata mmoja. Vipimo vilivyorudiwa mjini mwaka 1993 na mwaka 1996 vilionyesha kiwango kikishuka hadi 18, kisha 13. Bila watafiti hao tusingejua tulikuwa wapi wala tulikuwa tukielekea wapi.

Hali kama hiyo ilijirudia mwaka 2023. Tarehe 21 Machi serikali ilitangaza kwamba homa ya virusi vya Marburg imeingia Bukoba Vijijini. Waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6, akiwamo mhudumu wa afya, hata ulipotangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Mwezi wa Januari mwaka 2025 ukatokea tena, Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa walifariki. Mashine ya kuthibitisha virusi iko maabara, lakini kabla ya mashine yuko mtu mmoja katika chumba cha zahanati, ambaye ameletewa mgonjwa mwenye homa, kutapika na kutokwa damu, naye sharti aamue katika dakika chache kama hii ni malaria kali ya kila siku au ni jambo la kuvalia glavu mbili na kufunga mlango. Mtu huyo alisoma wapi? Sijali jina la chuo chake. Najali kama kuna mwalimu aliyepata kumsimamisha mbele ya mgonjwa wa homa na kumwuliza, “Na kama si malaria, ni nini?”

Nchi nyingine zimeligeuza jambo hili kuwa sera. Huko kaskazini mwa Norwei, kwenye baridi na giza ambako madaktari wa kusini hawakutaka kuishi, kilianzishwa chuo cha udaktari katika mji wa Tromsø mwanzoni mwa miaka ya 1970. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993 juu ya wahitimu wake wa kwanza ulionyesha kwamba 56 kati ya kila 100 walikuwa wakifanya kazi huko huko kaskazini. Kwa waliolelewa kaskazini idadi ilikuwa 82 kati ya 100, na kwa waliotoka kusini haikufika 40. Jirani yetu Uganda alianzisha chuo kikuu cha Mbarara mwaka 1989, si mbali na mpaka wetu, kikiwa na nia ya kuwapeleka wanafunzi wa udaktari vijijini wakajifunze miongoni mwa watu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi zote zichukue wanafunzi wa vijijini na zijenge vyuo vya afya nje ya miji mikuu. Serikali zashauriwa hivyo kwa faida ya umma, lakini mwanafunzi naye anaweza kuusoma ushauri huo kwa faida yake. Kama anakusudia kurudi Muleba, basi miaka 5 ya kusikiliza wagonjwa wanaofanana na wa Muleba ni mtaji. Daktari anayejua mgonjwa wa Kanda ya Ziwa anaelezaje maumivu, anakula nini na anakwenda kwanza kwa nani kabla ya kuja hospitali, amekwisha kufanya nusu ya uchunguzi kabla hajagusa kipimajoto.

Tena mtu asidhani kwamba sayansi yenye uzito hufanyika karibu na bahari tu. Chandarua chenye dawa ya ziada ya kuvunja ukinzani wa mbu kilijaribiwa Muleba kuanzia mwaka 2014, katika vijiji vyetu hivi hivi, na watafiti wa chuo cha KCMC, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo cha London cha magonjwa ya nchi za joto. Matokeo yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake juu ya vyandarua. Kijana wa kidato cha nne Muleba huenda amelala chini ya chandarua hicho bila kuambiwa na mwalimu wake kwamba dunia ilijifunza kutokana na kitanda chake.

Nirudi kwa wale wa familia zenye kipato kidogo, kama nilivyoahidi. Mtoto ambaye baba yake ni mkulima wa kahawa na migomba, na ambaye katika ukoo wake hakuna aliyepata kuvaa koti jeupe, hupata katika chuo cha sifa kubwa kitu ambacho mtoto wa daktari amekwisha kukipata nyumbani: watu. Hukutana na mabingwa ambao kesho watamwandikia barua ya kumdhamini, na wenzake ambao kesho kutwa watakuwa wizarani. Faida hiyo ni ya kweli, na mwalimu anayemwambia mwanafunzi maskini kwamba jina si kitu anamdanganya. Kwake jina lina thamani kuliko kwa mwingine, naye ana haki ya kulitia katika mizani.

Lakini mizani ina pande mbili, na upande wa pili kuna fedha. Ada ya vyuo vya umma ni nafuu kuliko ya vyuo vya mashirika na ya watu binafsi, na hapo Muhimbili humfaa maskini kwa sababu isiyohusiana na sifa kabisa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo haumaanishi kwamba kila gharama imekwisha. Pango, chakula na nauli ya Dar es Salaam haviko sawa na vya Mwanza, na safari ya kurudi nyumbani msiba utokeapo haiko sawa. Nimeona vijana wenye akili kali waliopoteza mwaka mzima kwa sababu ya njaa na upweke, wala hawakushindwa Anatomia. Wako pia wanaochanua wakiwa mbali na macho ya ukoo, wakawa watu wapya. Mzazi humjua mwanawe katika jambo hili kuliko orodha yoyote ya dunia, kama ataacha kwa siku moja kufikiri jinsi atakavyolitamka jina la chuo mbele ya majirani.

Nisieleweke kwamba chuo kinachomfaa mtu ni chuo rahisi. Anayechagua chuo kidogo kwa kuwa amesikia mitihani yake ni laini anawafanyia vibaya wagonjwa asiowajua bado. Kufaa ninakokusema kwaweza kumaanisha kazi nzito zaidi: zamu nyingi za usiku, mabingwa wachache wa kuegemea, wagonjwa wengi mno. Kuna wanafunzi ambao hali hiyo huwanoa, na kuna ambao huwavunja.

Ndugu walimu, hapa ndipo shule zetu zinapoweza kusaidia, maana mwanafunzi wa kidato cha sita hawezi kupanda meli na mabasi kwenda kukagua vyuo vitano. Katika kila shule ya sekondari ya mkoa huu yenye mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wako wahitimu waliokwenda kusomea udaktari, na namba zao za simu zinajulikana. Mwalimu wa Baiolojia na aanzishe daftari. Kila mwaka aongee na wahitimu wawili au watatu walio katika mwaka wa nne au wa tano, awaulize maswali yale yale: Kundi lenu likizunguka wodi lina watu wangapi? Umezalisha wangapi kwa mikono yako? Unapokosea nani anakusahihisha, na anakusahihisha siku ile ile au mwisho wa muhula? Mmepelekwa hospitali za wilaya kwa majuma mangapi? Mwezi hukugharimu kiasi gani, fedha taslimu? Wenzako walioacha masomo waliacha kwa nini? Majibu yaandikwe pamoja na jina la chuo na mwaka, bila jina la mjibuji, ili aseme kweli.

Kwa miaka mitatu daftari hilo litakuwa na habari ambazo hazimo katika kitabu cha mwongozo cha Tume wala katika tovuti ya chuo chochote. Matokeo yatokapo, mwanafunzi aliyekubaliwa kwingi apewe daftari aende nalo nyumbani, wakalisome yeye na wazazi wake usiku ule ule, kabla siku za kuthibitisha hazijakwisha.